Ule uliouona si mbuyu

Voi, Septemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Sisi wazima, hofu ni kwenu.

Barua yako imenifurahisha mno, hasa pale uliposema umeona dirishani mwa treni "mbuyu mtoto uliochanua maua ya waridi". Shoga, ule si mbuyu! Mbuyu mchanga huwa mwembamba kama fimbo, na ua la mbuyu ni jeupe, huning'inia. Uliouona ni mwaridi wa jangwani, mti nilioupenda tangu siku ya kwanza niliyohamia huku.

Jana jioni nilipanda kilimani nikauangalia vizuri kwa ajili yako. Shina limevimba chini kama mtungi, la kijivu, laini, halina mwiba hata mmoja, na wakati migunga yote iliyouzunguka ni miiba mitupu. Matawi ni manene, mafupi, na kiangazi hiki hayana jani hata moja. Lakini nchani, maua! Petali tano, ukingoni zimekolea rangi kama zilizochovywa, zikielekea kooni zinafifia hadi karibu nyeupe. Chungulia ndani ya koo la ua utaona nyuzi nyembamba zimejikusanya katikati. Hakuna ua jingine huku lenye sura hiyo. Ukikosa maua, tafuta makaka: huota mawili mawili, yametanuka kama pembe za mbuzi. Yakipasuka, kila mbegu ina kishungi cha nywele huku na huku, upepo unaibeba.

Wataalamu huuita Adenium, kwa jina la Aden kule Yemen, maana unaota hadi Uarabuni. Na waridi ni jina tu, si jamii moja na waridi letu la kikuba.

Ukija na watoto, wasivunje tawi. Utomvu wake ni sumu inayokamata moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huupika mpaka ugande, wakapaka mishale ya kuwindia.

Kuna jambo linaniuma. Kilimani palikuwa na mmoja mkubwa kunipita kimo, nimeuzoea kama jirani. Mwezi wa pili nilikuta shimo tu. Wameung'oa wakauze mjini, upambe baraza ya mtu. Mti kama ule umekaa miaka na miaka kujaza maji shinani, halafu jembe moja asubuhi moja! Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo ukitaka wa kwako, usinunue uliochimbwa porini. Nimekuwekea mbegu kwenye karatasi. Zipande kwenye mchanga, pawe na jua, maji kidogo tu, zitaota zenyewe.

Njoo kabla ya mvua za vuli, ukiwa bado haujavaa majani. Nitakuja kukupokea stesheni.

Ni mimi shoga yako