Yapo ishirini, lakini hesabu

Korogwe, Jumapili jioni

Mama,

Barua za enzi zetu zilianza hivi: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Tuliyaandika hayo kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu huku akili iko kwingine. Leo nimeyaandika, nikayasoma tena, nikasema kumbe. Uko Iringa, mbali na upeo wa macho yangu, na tangu ulipopiga juzi usiku unalia, nyumba hii haijalala. Mama yako alitaka tukupigie tena asubuhi. Nikamwambia ngoja, mimi kwenye simu huwa nageuka mhubiri, salio litakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Acha niandike.

Ulisema sista inchaji alikusema mbele ya wagonjwa na wenzako. Alishika chati akasoma kwa sauti: pumzi ishirini, ishirini, ishirini, vitanda vyote vinane. Akauliza kama wodi hii inapumua kwa filimbi moja. Watu wakacheka. Ukaenda kulia chooni, halafu ukaniambia unataka kuacha uuguzi ukasome uhasibu.

Nikiri kwanza kwamba hilo la filimbi lilinichekesha. Nilificha simu kifuani usisikie. Samahani.

La pili, mwanangu, ulikosea. Ishirini ni namba ya wavivu wa kila hospitali niliyopita katika miaka thelathini na ushei ya fiziotherapia, kazi yangu ya kurudisha viungo kwa mazoezi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo ukiandika 20 hakuna atakayekuuliza. Ubaya ni kwamba pumzi ndiyo hupanda mapema mgonjwa anapoanza kuharibika, wakati presha bado inakudanganya kwamba mambo shwari. Aliyekuwa 16 asubuhi akafika 26 jioni anakuambia kitu: pengine nimonia, pengine damu inavuja ndani, pengine vijidudu vimeingia kwenye damu. Sasa wewe umemwandikia 20 asubuhi na 20 jioni. Umemziba mdomo.

Fanya hivi. Mshike kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, lakini macho yako yawe kifuani mwake, au kwenye blanketi linavyopanda na kushuka. Usimwambie unahesabu pumzi, maana mtu akijua anaangaliwa anavyopumua anaanza kupumua kama anaigiza. Hesabu dakika nzima. Najua mna vitanda vingi, najua dakika nane za kusimama tu zinaonekana kama uvivu mwingine. Simama hivyohivyo. Kwenye mzigo nimeweka saa ya kuning'iniza kifuani, yenye mshale wa sekunde. Nimeitafuta Tanga mjini siku nzima, wauzaji wananionyesha za kwenye simu.

La tatu ni namna alivyokusema. Kosa ni lako, aibu ile haikuwa lazima. Na hapa inabidi nikuambie kitu ambacho hata mama yako alikijua baada ya miaka mingi.

Niliwahi kuwa mkuu wa kitengo katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulipokea wanafunzi wa fiziotherapia waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na mimi nilikuwa mkali, tena nilijivunia. Nilisomea hospitali ya KCMC, Moshi, nikatoka pale nikiamini kwamba ufundi hurithishwa kwa kofi la kisogo, kama seremala na mwanagenzi wake. Wanafunzi wakisikia viatu vyangu kwenye korido wananyamaza. Nilidhani ile ndiyo heshima.

Asubuhi moja binti mmoja alikuwa anamkalisha mzee wa kiharusi, akamvuta kwa mkono uliopooza. Ni kosa kweli. Bega la upande ule misuli yake imelala, hakuna kinacholishikilia. Ukilivuta linateleza kutoka kwenye kikombe chake, na mgonjwa anabaki na maumivu miezi na miezi. (Hata wewe usithubutu. Mgeuze kwanza kwa ubavu, miguu ishuke kitandani, mkono wako uwe nyuma ya bega lake, ndipo umwinue. Nimegombana na wauguzi wengi juu ya mabega, sitaki niongeze na mwanangu.) Lakini sikumwonyesha hayo. Nilimwambia mbele ya watoto wa yule mzee, "Wewe umekuja kusoma au kuuza sura?" Akainama. Mimi nikaendelea na kazi, nikijua nimefundisha.

Siku hiyohiyo mchana alilazwa mvulana wa miaka sita aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Alikuwa amevunjika juu kidogo ya kiwiko, mvunjiko wa watoto wapanda miembe. Mfupa ukarudishwa, akafungwa POP, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, mkono ukiwa umekunjwa. Jioni yule binti alipita kumwona, kwa kuwa mtoto alikuwa kwenye orodha yetu ya kesho yake. Akamkuta analia kilio ambacho dawa ya maumivu haikukigusa. Vidole vimevimba, vya baridi, na alipovinyoosha kidogo tu mtoto alipiga yowe. Alijua ni nini. Ilikuwa kwenye daftari lake, ameipigia mstari kwa wino mwekundu. Daftari lile nililiona baadaye kwa macho yangu. Akaja mpaka mlangoni kwa ofisi yangu. Mimi nilikuwa ndani naandika ripoti ya mwezi. Akasimama, akarudi.

POP ilipasuliwa asubuhi.

Misuli iliyobanwa ikakosa damu haisubiri asubuhi. Saa sita hivi zinatosha, inaanza kufa. Mtoto hakukatwa mkono, lakini vidole vilijikunja kama vya ndege aliyeshika tawi, na mimi ndiye niliyekuwa navinyoosha, wiki kwa wiki, kwa mazoezi na vibao vya kufunga mkono usiku, karibu miaka miwili. Havikurudi vyote. Mama yake alikuwa ananishukuru kila akija kliniki. Ananiletea machungwa kwenye mfuko. Hayo machungwa yalikuwa hayapiti kooni, nikawa nawagawia wauguzi.

Yule binti aliniambia mwenyewe siku anamaliza mafunzo, begi liko begani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Niliona, nikaogopa." Hata la kumjibu sikupata. Nilimwambia safari njema.

Baada ya hapo kila mwanafunzi aliyeripoti kwangu, kabla hajashika mgonjwa, nilimpa maneno ya kusema kwa mtu yeyote, awe mimi, awe daktari bingwa, awe matroni: "Sina uhakika, lakini nimeona kitu, naomba uje uangalie." Nikawa nawasimamisha pale kwenye vitanda vya mazoezi waseme kwa sauti. Wanacheka, wanaona haya, mmoja aliniuliza kama ni maigizo. Nikawaambia mkiniita bure nitakuja, nitaangalia, nitaondoka, basi. Na nikawa nakwenda kweli, hata saa za chakula, maana mwanafunzi akikuita mara moja ukamkunjia uso, hakuiti tena. Mara nyingi hapakuwa na kitu. Mara mbili ninazozikumbuka vizuri palikuwa na kitu, na mgonjwa mmoja kati ya hao wawili bado tunasalimiana sokoni.

Maneno hayo nakuachia wewe sasa. Yaseme hata kwa sista wa filimbi.

Maana yeye pia mwangalie vizuri. Ulisema mwenyewe kwamba usiku ule walikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na kwamba alikuwa hajakaa tangu apokee zamu. Mtu wa hivyo akikuta chati ya uongo ni kama mpishi kukuta mtu amemwaga maji kwenye mafuta ya moto. Kesho ukiingia, msubiri amalize kupokea ripoti, umfuate akiwa peke yake. Mwambie, "Sista, lile la chati ulikuwa sahihi. Naomba leo uniangalie nikihesabu." Ukipata nguvu, ongeza: "Na nikikosea tena, naomba uniite pembeni." Usipoipata, hilo la kwanza linatosha kwa kesho. Kama ni mtu ambaye ukali ni tabia tu, na wapo, mwone mwalimu wa chuo anayesimamia mafunzo ya vitendo. Usione ni umbea, yupo pale kwa ajili hiyo.

Kuna jambo moja ambalo nitakasirika ukilificha, na sijawahi kukukasirikia tangu uchome pazia. Ukichomwa na sindano iliyotumika, usikikamue kidonda, usinyonye, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa dakika hiyohiyo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, unameza siku 28. Namjua kijana aliyekaa na siri yake siku nne kwa sababu alichomwa akirudishia sindano kifuniko, jambo ambalo tuliwakataza. Aliona afadhali virusi kuliko kugombezwa! Alibahatika, majibu yalitoka mazuri, lakini ile miezi ya kusubiri ilimla akabaki mifupa. Na chanjo yako ya homa ya ini B, hukuniambia kama dozi ya tatu umepata. Miezi sita tangu ya kwanza imepita, mimi nahesabu.

Kuhusu wazee wa wodi yako wasiokuelewa, jifunze kusema "kamwene". Kihehe changu kinaishia hapo, lakini jirani yetu wa Kihehe hapa Korogwe mimi nikimwamkia hivyo tu ananisimamisha nusu saa. Na yule bibi wa kitanda cha nne anayekataa kugeuzwa, mpe shikamoo kabla hujagusa shuka. Mwambie unachotaka kufanya, mwombe, ndipo umgeuze. Kila baada ya saa mbili, mama, hata kama amelala. Kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu ambao usiku huuoni, na kwenye ngozi yetu nyeusi hata mchana unaweza usiuone. Tumia kiganja: pale panapokuwa na joto au pagumu kuliko pembeni yake, ndipo kimeanzia.

Uhasibu ni kazi njema, lakini nikikutuma dukani chenji hurudi pungufu. Hata hivyo nasema kwa dhati: maliza muhula huu, na kama moyo utakuwa umeondoka, rudi nyumbani. Sitakuuliza habari za ada.

Wala sitakudanganya kuhusu ajira. Utasoma, utapata leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu utakaa unachungulia matangazo ya kazi kwenye simu kama mabinti wawili wa mtaa huu. Mmoja anajitolea kwenye kituo cha afya kwa pesa ya nauli, mwingine anauza vitenge, leseni iko kabatini kwenye bahasha ya kaki. Linaniudhi mno. Wodi zina wauguzi wawili usiku, na muuguzi mwenye leseni anapima mita za kitenge. Hilo tutakaa tulizungumze ukija likizo, na wadogo zako wakiwa wamelala.

Mama yako ameniita mara ya pili, chakula kinapoa. Mzigo nitamkabidhi kondakta kesho alfajiri, utapitia Morogoro. Risiti nitakutumia picha. Ndani kuna saa, jozi nne za soksi nzito, sabuni, na sweta kwa ajili ya zamu za usiku. Sweta amelifuma yeye. Mkono wa kushoto ni mrefu kidogo kuliko wa kulia, usimwambie, anadhani hatujaona. Mfuko wa juu ni machungwa ya Muheza. Wagawie wenzako wa chumbani, na mpelekee sista inchaji mawili, hata kama bado umenuna.

Yapo ishirini. Usiniamini, hesabu.

Baba yako