Kuhusu hiyo Prado unayotaka kununua

Mwanangu, za Dodoma?

Meseji nimeipata na picha za hiyo Prado 95 (95 ni jina la toleo, siyo mwaka) nimeziangalia zote, wameipiga polishi mpaka chini ya bodi, ila kaka gari ni ya 1998 hiyo, ina umri wa kuoa, sasa kabla hujatoa hela ngoja nikwambie mimi na yangu tunavyoishi hapa Arusha.

Bei ya kununua achana nayo, hiyo unalipa mara moja yanaisha. Kinachokula hela ni ile injini ya 1KZ. Hedi yake, kile kifuniko cha juu ya silinda, ni alumini, gari ikichemsha vibaya hata mara moja inaweza kupasuka, na wakikwambia wataichomelea usikubali, utarudi gereji hiyohiyo kabla hujasahau sura ya fundi. Kwa hiyo nenda kaione asubuhi kabla hawajaiwasha, binya ile hosi ya juu ya rejeta, ukikuta ngumu wakati injini imelala baridi usiku kucha jua moshi wa injini unaingia kwenye maji, aga vizuri uondoke. Halafu uliza kama thamostati ipo, kile kivalvu kinachoachia maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto. Mafundi wetu hawa gari ikichemsha tu wanaing'oa, wanamimina maji ya bomba, wiki mbili unaona wamepatia kumbe kutu inajijenga humo ndani taratibu mpaka rejeta inaziba. Mi nanunua kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, bei inauma kweli, ila mlima ule wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu napanda na mshale wa joto hautikisiki.

Kingine ni taa ya T-BELT pale kwenye dashibodi. Inawaka ikifika kilomita 100,000 kukwambia badilisha mkanda wa taimingi, sasa kuna kaskrubu nyuma ya mita ukikahamisha taa inazima, na wapo watu wanahamisha skrubu halafu wanauza gari na mkanda wake uleule. Ukikatika njiani valvu zinagongana na pistoni, hapo ndo unaanza kutafuta injini ya mtumba. Taa kutowaka isikufariji, badilisha mkanda wikiendi ya kwanza pamoja na beringi ya tensheni.

Spea sasa. Boljointi za chini mbele, vile viungo vinavyoshikilia tairi, ndo ugonjwa wa hizi gari, ikichomoka mguu unalala pembeni na gari inakaa chini palepale ulipo. Dukani watakuwekea mbili mezani, boksi zinafanana mpaka maandishi, moja nusu bei ya nyingine. Ile ya nusu bei kwa barabara zangu inamaliza masika moja halafu unalipa ufundi upya, ukipiga hesabu umenunua ya ghali na huna. Bushi na taa nunua za bei chee ukitaka, boljointi na breki hapana.

Tairi nazo ukae ukijua hii gari inavuta miguu yote minne muda wote, huwezi kuchanganya mbili mpya na mbili vipara, difu ya kati inaumia. Zikiisha unanunua nne kwa mpigo.

Mafuta sina la kukwambia zaidi ya kwamba tenki ni lita 90, dizeli ikiwa 2,800 ni laki mbili na nusu kujaza, na Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya mi huwa sifungui simu mpaka nimalize chai 😅 Ile ada ya leseni ya barabara waliifuta 2017 wakaihamishia kwenye mafuta, watu wakashangilia, ila sisi wenye haya madude ndo tunailipa haswa. Bima nakata ndogo, kubwa kwa umri huu naona hailipi.

Shemeji yako kila bili ikija anasema tuuze tununue IST na chenji ibaki. Ana hoja. Ila IST hainifikishi kwa mama Mbulu mwezi wa nne, labda niiache njiani nimalizie kwa miguu.

We kama unaitaka tu ya kuzunguka mjini Dodoma, acha. Kama ni ya shamba, chukua, lakini tenga theluthi ya bei yake pembeni kwa mwaka wa kwanza na hiyo hela usiiguse hata kwa harusi ya mtu. Usitoe advansi kabla hujanipigia, na siku ukienda kuiona nirekodie video ya nyuma kwenye ekzosi anavyoiwasha ya kwanza, nataka nione moshi mweupe ukitoka unakaa muda gani, ukikaa sana nitajua hedi ina shida.

Wasalimie nyumbani.