Hawa, usitume kwanza hela ya hiyo Leaf

Hawa shoga yangu, habari za siku, na mama huko Kondoa mguu umepata nafuu? Msg yako nimeisoma jana usiku nikakosa usingizi kabisa, eti keshokutwa unatuma hela ya Nissan Leaf, ile gari ya umeme kutoka Japani! Nikasema hapana, ngoja nimwandikie vizuri.

Gari ya umeme mi naipenda kutoka moyoni, na kwa hela ya matumizi inaziacha zote mbali. Betri yake ya unit 24 ukiijaza kutoka sifuri kwa umeme wa luku wa sh 356 kwa unit ni kama sh 8,500 tu, alafu hakuna cha oil ya injini wala plagi. Hapa Dodoma, Nkuhungu mpaka Mtumba kwenda na kurudi inakutosha. Ila wewe umepanga, na luku mnachangia wapangaji wanne. Gari peke yake itazimaliza zile unit 75 za mwezi za bei nafuu ndani ya wiki mbili, mwezi ukiisha nyumba nzima inakugeukia, na mama Jose hapo mlango wa pili unamjua.

Na kwa mama je? Kondoa ni kama km 160. Hiyo Leaf ya mwanzo ikiwa mpya kabisa ilipimwa kama km 117 kwa chaji moja, sasa hiyo yako imeshatumika miaka na miaka Japani. Betri yake haina mfumo wa kuipooza, joto linaila taratibu, na jua letu la mwezi wa kumi unalijua lilivyo. Pale kwenye dashibodi kuna vijiti vya uzima wa betri, vinatakiwa 12, muuzaji akikwepa kukupiga picha vile vijiti achana naye.

Mi na Toyota Aqua yangu huu mwaka wa tatu, ni hybrid, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Haichomekwi popote, inajichaji yenyewe kwa injini na ukikanyaga breki, kwenye foleni injini inazima unaenda kimya kimya. Mwaka jana taa ikawaka, fundi akaniambia betri imekufa jiandae na mamilioni, nililia Hawa. Nikapata fundi mwingine, akang'oa siti ya nyuma, kumbe kuna kifeni kinavuta hewa ya kupooza betri na kimeziba vumbi jekundu la Nzuguni lote, akakisafisha akaifuta ile taa na mpaka leo haijarudi. Kwahiyo ukinunua hybrid hapa Dodoma kile kifeni kisafishwe mara kwa mara, na lile tundu la hewa pembeni ya siti usilizibe na mizigo, yaani hilo nakuomba sana.

IST ya petroli haina maneno mengi, ukiharibikiwa njiani pale Chemba fundi yupo na spea zipo, ila kila Jumatano ya kwanza ya mwezi roho juu kusikia EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta, wametangaza bei gani. Na nikwambie ukweli, safari ndefu ya Kondoa hybrid haiokoi sana, utamu wake ni mjini.

Mi naona chukua Aqua ikiwa betri imepimwa na kompyuta ikaonekana nzima, ikishindikana IST. Leaf utanunua ukihamia kwako Iyumbu na luku yako mwenyewe. Kuna Aqua moja Area C, Jumamosi asubuhi nakuja na yule fundi wa kifeni twende tukaipime, usiniangushe.

Msalimie mama.