Barua ya wazi kwa mkubwa wa ofisi ya ghorofa ya nne: rudisheni ile sufuria Suswa

Kwako Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima, natumai wewe na familia mko wazima. Jina la ofisi yako sitalitaja hapa kwa sababu nyanya yangu alinifunza adabu, lakini unajijua, ni ile ya kupima gesi za milima ya volkano, iko ghorofa ya nne ambayo lifti yake huishia ya tatu. Mimi naishi Kangemi, kazi yangu ni gaidi wa milima, yaani yule wa kutembeza watu, si yule mwingine.

Jumapili iliyopita nilipeleka vijana kumi na wanne wa kanisa Suswa, ule mlima wa volkano wa Bonde la Ufa. Tukishuka, karibu na zile nyufa za mvuke ambapo wazee wametega mabomba wapate maji, msichana mmoja akaingia kwa kashimo ka kimo cha kiuno, akaketi, akainama kufunga kamba za kiatu. Kidogo tu mwenzake ananiita, gaidi, huyu hainuki. Nilimvuta kwa mikono yote miwili tukamlaza juu kwenye upepo, akatapika, baadaye akaanza kuuliza simu yake iko wapi ndio nikajua atapona. Sasa mimi nikatoa laita yangu. Nikaiwasha kwa kimo cha kifua, ikawaka vizuri. Nikabana pumzi nikaishusha polepole mle ndani, ilipokaribia chini moto ukazima, na upepo mle haukuwepo. Nilirudia mara tatu. Mzee mmoja wa pale alikuwa ananiangalia tu, akaniambia mbuzi wake wawili waliokotwa hapo hapo wakiwa wamekufa na hawana jeraha.

Mkurugenzi, mimi sina digrii lakini naamini ni hewa ukaa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hivyo inatulia chini kama maji kwa beseni, haina rangi, haina harufu. Watu wa Goma kule Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo, wana jina lake kabisa, wanaita mazuku, neno la Kiswahili ambalo wanasayansi wa nje wanaliandika hivyo hivyo kwa ripoti zao. Na kule Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, hewa hiyo hiyo ilifumuka usiku kutoka ziwa Nyos ikaua watu zaidi ya 1,700.

Sasa tuje kwa ile ahadi, maana najua umesahau.

Machi 2023 vijana wako walikuja Suswa na mimi ndiye niliyewabebea ile sanduku ya kijivu. Ndani yake kulikuwa na mashine na ile sufuria, mnaiita jina refu la kizungu lakini ni sufuria, unaifunika kichwa chini juu ya udongo, ina paipu inayoenda kwa mashine, halafu mnangoja mkiangalia namba, ikipanda mbio basi gesi inayotoka chini ni nyingi. Walipima hatua chache kutoka kwa hako kashimo. Wakapaka jiwe rangi nyekundu ati ndiyo alama, tutarudi kila miezi mitatu tupime hapa hapa. Nikauliza namba imesoma ngapi, nikaambiwa matokeo ni ya ofisi. Haya. Jumapili nililiangalia hilo jiwe, rangi imebaki doa kama kidole gumba, na hakuna aliyerudi hata siku moja.

Na kipimo kimoja ni cha nini? Huyo huyo kijana wako alinieleza tukila mandazi, na alieleza vizuri sana, kwamba hewa ukaa ndiyo hutoroka mapema kwa magma, yaani ule mwamba ulioyeyuka kwa moto, ikiwa bado chini kabisa, lakini gesi ya salfa inangoja mpaka magma ikaribie juu. Kwa hivyo hewa ukaa ikizidi kuliko kawaida, huenda kuna mzigo mpya umeingia chini, salfa ikifuata ujue mzigo unapanda. Sasa niambie, utajuaje imezidi na wewe ulipima mara moja ukaenda?

Si ati ni kitu hakiwezekani. Volkano ya Pinatubo kule Ufilipino, mwaka 1991 walikuwa wanapima salfa na mashine inayoangalia anga, inasoma vile gesi inavyomeza mwanga wa jua. Katikati ya Mei ilikuwa kama tani 500 kwa siku, tarehe 28 Mei imepita 5,000, halafu ghafla ikashuka sana. Mtu wa kupima mara moja angefika siku hiyo ya kushuka angesema mlima umelala, twende nyumbani. Lakini aliyepika uji anajua, ukishika utandu juu unanyamaza kabisa, halafu unaruka paa! unakuchoma mkono. Wale waliona gesi imezibwa na mitetemeko bado ipo, maelfu kwa maelfu wakahamishwa, na tarehe 15 Juni mlima ukalipuka kweli kweli.

Mtasema Kenya si Ufilipino. Sawa. Lakini setilaiti zilipima milima yetu ya volkano, zikaonyesha Longonot imevimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka kule Baringo kama sentimita 21 kwa miezi michache tu 2006 na 2007. Suswa yenyewe ilishuka kidogo miaka ya 1997 hadi 2000. Setilaiti inaona ardhi imevimba, haioni kama ni magma au ni maji moto na mvuke tu, gesi ndiyo ingesaidia kujua. Nyufa za eneo la maziwa ya Magadi na Natron, hapo kusini mwetu, zilipimwa zikakutwa zinatoa karibu tani milioni 4 za hewa ukaa kwa mwaka, matokeo yakachapishwa 2016. Kereita kule Lari hewa hiyo inachimbwa ardhini inauziwa viwanda vya soda! Na wanaotafuta mvuke wa stima hupima gesi ya udongo kabla ya kuchimba. Kwa hivyo pesa ikiwepo sufuria inapatikana, ikiwa ni ya kuangalia watu na mbuzi inapotea. Au mmesahau Julai 2007 mitetemeko ilivyotutoa mbio kwa maghorofa hapa mjini, na Septemba ya mwaka huo huo Lengai, ile volkano ya Tanzania, ikalipuka?

Jumatatu nilikuja kwako. Nimepanda ngazi, nimeandika jina kwa daftari la wageni, dada wa mapokezi akaniambia mtaalamu wa gesi yuko semina Naivasha. Naivasha, Mkurugenzi! Kutoka huko Longonot unaiona ukikunywa chai. Nikaambiwa niandike imeili, nikaandika, hakuna jibu, nikapiga ile namba ya ofisi, mteja.

Wale vijana wa kanisa wameongea, vikundi viwili vimekatiza safari, nimerudisha elfu nane niliyokuwa nimeshapangia kodi na mwenye nyumba hataki kusikia habari za magma. Na kwa vile tunaongea ukweli, ile elfu moja mia tano ya kubeba sanduku siku mbili sijawahi kuiona, niliambiwa itatumwa jioni, sikuambiwa ya mwaka gani.

Lakini hiyo elfu achana nayo. Naomba mrudi na sufuria mpime pale kwa jiwe kabla hiyo rangi haijaisha, mpime pia mle kwenye kashimo, halafu namba muwape wale wazee, hata kwa karatasi ya daftari. Halafu baada ya miezi mitatu mrudi tena. Kama hamwezi yote basi sufuria tu, siku moja, nitaibeba bure kutoka barabarani mpaka juu, na maji ya kunywa nitawabebea pia.

Namba yangu iko kwa daftari lenu la wageni, nimeiandika mara nne.