Barua kwa mwanangu: hesabu ya kumuuguza bibi yako nyumbani

Makorora, Tanga

Kwako mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Bibi yako naye hajambo kwa kadiri ya hali yake tangu kile kiharusi: anakula, anaswali kwa ishara ya kichwa, na kugomba bado anagomba kama zamani. Pesa ulizotuma tumezipokea, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti, maana uliloniuliza lina tarakimu nyingi na mimi nikianza kutaja tarakimu kwa mdomo mama yako hunikatiza.

Umeuliza mtu wa kumwangalia bibi hapa Tanga ni bei gani, tumwajiri, wewe utalipa. Najua hesabu yako inaanzia wapi. Huko Marekani bei ya katikati ya msaidizi wa afya anayekuja nyumbani ilikuwa dola 34 kwa saa mwaka 2024, na familia inayohitaji saa 44 kwa wiki inatoa dola 77,792 kwa mwaka. Wewe mwenyewe umeifanya kazi hiyo kwa wazee wa watu, unajua kampuni inapokea hiyo 34 na wewe unaambulia kama nusu yake. Sasa, dola 34 kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi 80,000. Na amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliwawekea wafanyakazi wa ndani, katika nyumba za watu wa kawaida kama sisi, shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala hapo hapo na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwake. Yaani saa moja ya huko Marekani inapita mwezi mzima wa dada wa Tanga aliyewekewa hiyo 60,000. Ukiishia hapo, lazima utasema baba analalamikia nini.

Tatizo ni kwamba wiki ina saa 168, na bibi yako ni mgonjwa saa zote hizo. Mfanyakazi ni mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, siku zisizidi sita, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kinachozidi hapo ni muda wa ziada, unalipwa mara moja na nusu, nao una mpaka wake. Gawanya mwenyewe: kumzunguka bibi usiku na mchana kwa mujibu wa sheria wanatakiwa watu wanne kasorobo. Hapa mtaani watu hawagawanyi. Wanamleta binti wa miaka kumi na minane kutoka Lushoto au Handeni, wanamlaza chini ya kitanda cha mgonjwa, na akiitwa saa nane za usiku wanasema si yuko hapo hapo. Miezi mitatu binti kakimbia, nao wanashangaa, wanasema wasichana wa siku hizi hawana subira.

Nimeulizia. Mtu mzima, aliyewahi kuuguza, wa kumgeuza mgonjwa, kumsafisha na kumlisha, alale hapa hapa, anataka 150,000, kula na sabuni juu yetu. Si ghali kwa kazi yenyewe. Ila huo mshahara ndio kipande kinachoonekana, na vipo vingine ambavyo huwezi kuviona kutoka huko.

Pampasi za watu wazima, kwa mfano. Pakiti ya vipande kumi nainunua 17,000. Mwanzoni bibi alikuwa akitumia tatu kwa siku, kwa mwezi ni pakiti tisa: 153,000. Pampasi peke yake zilikuwa zinakula mshahara wa mtu. Ikabidi tutafute njia. Fundi wa hapa nyuma alichukua kiti cha plastiki chenye mikono, akachora duara katikati kwa chaki, akalikata kwa kisu cha moto, kisha akasugua ukingo kwa msasa mpaka nikapitisha kiganja bila kuchunwa. Chini inakaa ndoo yenye mfuniko, na miguu ya kiti aliifunga kwenye ubao mpana ili kisiteleze wala kupinduka. Kiti na ufundi vyote havikufika 25,000. Shangazi yako humkalisha bibi kila akishamaliza uji na kila baada ya chakula, anamsubiri, anamsimulia habari za mtaani. Sasa pampasi ni mbili kwa siku, pakiti sita kwa mwezi, 102,000. Bibi mwenyewe amefurahi kuliko sisi tuliookoa pesa, maana lile la kujisaidia kitandani lilikuwa likimliza.

Mengine nakutajia haraka. Dawa za presha na zile za kuzuia damu isigande, 45,000. Sabuni, maji na umeme vilivyozidi tangu aanguke, 40,000. Shuka zinafuliwa kila siku, bili ya maji imekuwa ya gesti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja mara mbili kwa mwezi kuufanyia kazi mkono na mguu wa kushoto, kila akija 20,000. Bajaji ya kwenda kliniki na kurudi 10,000, kwa kuwa lazima iwe ya kukodi na dereva akubali kusaidia kubeba. Jumla ya yote hayo pamoja na pampasi ni 237,000 kwa mwezi, na chakula chake sijakigusa. Mgonjwa haulizwi uji, lakini uji wenyewe ni wa mchele na tui, na nazi unajua zimefika wapi.

Ukiongeza yule mtu wa 150,000, inakuwa 387,000. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Mimi sikulifunga, kwa sababu yupo mtu ambaye jina lake halimo ndani. Shangazi yako alikuwa na genge lake la mihogo ya kukaanga pale karibu na shule. Asubuhi hadi saa sita alikuwa anaondoka na faida isiyopungua 8,000. Tangu bibi yako apate kiharusi, karai limefunikwa gunia uani. Siku ishirini na sita za kazi kwa mwezi ni 208,000 ambazo hazipokei tena, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilitoa pensheni yangu, kaka zako wakatoa pole, wewe ukatuma dola, yeye akatoa kila alichokuwa nacho na sisi tukaita ni mapenzi. Mapenzi yapo, sikatai. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu ana miaka hamsini na sita, ana goti, na hana mfuko wowote wa hifadhi ya jamii utakaomlipa akichoka.

Nilikaa kumwangalia akimgeuza. Kuna shuka amelikunja mara mbili akalilaza kwa upana chini ya mgongo na makalio ya bibi, ile njia uliyomwonyesha kwa video. Analivuta kwanza kuelekea kwake, halafu anamlaza ubavu, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na kitambaa kilichoviringwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Kisha anapitisha kidole mgongoni akitafuta penye joto au wekundu. Kila baada ya saa mbili, na usiku anatega simu. Muuguzi aliyekuja kutazama alisema bibi hana hata kidonda kimoja cha kulalia, akauliza tunalipia wapi huduma hiyo. Shangazi yako alicheka tu, akaenda kuanika shuka.

Utauliza serikali inasaidiaje. Inasaidia, kwa sehemu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee tangu miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatibiwa bila malipo. Bibi ana kitambulisho, tunapita dirisha la wazee, kumwona daktari hatulipi. Dawa zikikosekana ndani tunanunua nje, na ndiyo maana ile 45,000 ipo. Lakini hakuna kitambulisho kinacholipia mikono ya kumgeuza mtu. Hapo ng'ambo, Unguja na Pemba, tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii. Ilianza kwa 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini ni yake mkononi. Bara hatuna ya namna hiyo kwa kila mzee. Kaka yako mkubwa aliwahi kunitajia makazi ya wazee ya Mwanzange, nikamwambia yale ni ya wasio na mtu, na bibi yako ana wajukuu wanaopiga picha kwenye mahoteli. Hakurudia.

Na usidhani huko kwenu ni tofauti sana. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Medicare, bima yao ya wazee, hailipii mtu wa kumwogesha na kumlisha mzee kama hicho tu ndicho anachohitaji. Inalipia muuguzi au mtaalamu kwa muda mfupi, basi. Anayelipia ni Medicaid, mpango wao wa matibabu kwa wasio na uwezo, na mpaka uwe huna kitu. Ila kuna jambo moja katika maelezo yako limenikaa kichwani: kwamba katika majimbo kadhaa Medicaid hiyo hiyo inaweza kumlipa binti anayemtunza mama yake. Wamarekani, pamoja na ubahili wote unaowasimulia, wamekubali kwamba binti akiacha kazi kuuguza, ile ni kazi. Sisi tunaojisifu kwa undugu hatujafika hapo.

Kwa hiyo pendekezo langu si lako. Mtu wa kulala hapa simtaki. Nataka mama mmoja wa hapa Makorora, anayelala kwake, aje saa 1 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, apate saa moja ya kula na kuswali, siku sita. Hizo ni saa 45 kamili. Nimeongea naye, amekubali 120,000. Tutaandikiana masharti, na asilimia 10 yetu ya NSSF, yaani 12,000, tutaweka. Mama yako anasema najitia serikali, lakini nimefanya kazi bandarini miaka yangu yote na ninachokula leo ni makato ya wakati ule.

Akija huyo, shangazi yako arudi kwenye mihogo yake. Asubuhi zake ziwe zake. Jioni na usiku atakuwa na bibi kama sasa, na kwa hizo nataka alipwe 100,000 kila mwezi, tarehe moja, kwenye simu yake mwenyewe, isipitie kwangu wala kwa mama yako. Iwe ni malipo. Ikipitia kwangu itageuka sukari na vocha, na nitajiona nimempa zawadi. Jumapili, siku ambayo mama wa mchana hayupo, tutashika mimi na mdogo wako; kumgeuza nimeshajifunza, kumsafisha atafanya mama yako.

Sasa weka pamoja. Matumizi 237,000, mama wa mchana 132,000 pamoja na NSSF, shangazi 100,000. Ni 469,000. Dola zako 100 nikizibadilisha zinanipa karibu 250,000 baada ya makato. Mimi natoa 100,000 kwenye pensheni. Zinabaki 119,000, ambazo kaka zako wawili wa Dar es Salaam watagawana. Juzi tu tumechangishana kwenye lile kundi la ukoo kwa harusi ya siku moja, na mmoja wao aliahidi laki tatu bila hata kuuliza bwana harusi ni nani. Nitawakumbusha kwa adabu, lakini nitawakumbusha.

Kile kitanda cha hospitali ulichotaka kukisafirisha kwa kontena kisubiri. Kwanza hakiingii mlangoni, nimepima. Pili, kitanda hakimgeuzi mtu. Ukiwa na hamu ya kutuma kitu, tuma glavu na yale mafuta mazito ya kuzuia ngozi isiungue kwa mkojo, huku yanauzwa ghali na kopo dogo.

Jambo moja nakuomba ulifanye wewe. Mpigie shangazi yako umwambie habari ya hiyo 100,000. Mimi nikimwambia atakataa, atasema mama hauzwi, na ataona nimemvunjia heshima. Wewe ni mjukuu, na tena kazi hiyo umelipwa kwa kuifanya, utajua pa kuanzia. Mpigie baada ya isha, bibi akiwa amelala. Yule mama wa mchana anangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kuna nyumba nyingine Chumbageni inamwita.

Mama yako anakusalimu. Bibi anauliza lini unaolewa.

Wasalaam,
Baba yako