Barua ya malalamiko kuhusu transfoma tatu za amplifaya ya valvu

Tanga,
18 Machi 2024.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TRANSFOMA TATU ZISIZOLINGANA NA ODA WALA NA LEBO ZAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Februari nililipa kampuni yenu shilingi 530,000 kwa ajili ya transfoma tatu: mbili za spika, za kukaa kati ya valvu na spika, kwa 185,000 kila moja, na moja ya pawa, ya kupokea umeme wa ukutani, kwa 160,000. Juu yake nikaongeza 15,000 za basi. Kifurushi kilifika Tanga baada ya siku tatu kikiwa kizima, hakuna kona iliyobonyea, na kwa hilo nawashukuru. Shida ni kilichokuwamo ndani. Katika hizo tatu hakuna hata moja niliyoagiza.

Itabidi nieleze kwa urefu, kwa sababu kijana wenu wa mauzo, ambaye kwa maongezi ni mstaarabu sana, ameshanijibu mara tatu kwamba kosa ni la valvu zangu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti. "Valvu za siku hizi feki nyingi, mzee." Valvu zangu si za siku hizi. Nimezipachika, moja baada ya nyingine, kwenye redio ya zamani ya marehemu baba inayotumia valvu ya aina hiyo hiyo, EL84, na zote mbili zinaimba vizuri.

Ninachounda ni amplifaya ndogo ya stereo: EL84 moja kila upande, na valvu ndogo moja, ECC83, inayozitangulia zote mbili. Si mashine ya ukumbini. Wati nne kila upande zinanitosha na kubaki, maana ni ya sebuleni, na ninachosikiliza hasa ni santuri za taarab ya hapa hapa Tanga, za Black Star na Lucky Star. Mwenye kuzijua santuri hizo anajua kuwa gitaa la besi ndilo linaloubeba wimbo. Naomba mlikumbuke gitaa hilo, nitarudi kwake.

Transfoma ya spika sikuichagua kwa kubahatisha. Jedwali la EL84 linasema kwamba valvu hiyo ikipewa volti 250 kwenye anodi hupitisha miliampea 48, na mzigo unaoifaa, yaani ukinzani inaousukuma, ni omu 5,200. Spika zangu ni za omu 8. Gawanya 5,200 kwa 8 upate 650, tafuta kipeuo chake cha pili, ni 25.5. Yaani kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika, iwepo mizunguko ishirini na tano na nusu upande wa valvu. Hiyo ni hesabu ya darasani na haina ubishi.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo tulipokosana. Valvu ikiwa moja, zile miliampea 48 za mkondo mnyoofu hupita kwenye koili muda wote, muziki uwepo usiwepo, zikikielemea chuma cha ndani ya koili upande mmoja tu. Chuma kisicho na mwanya kitakuwa kimeshashiba sumaku kabla santuri haijaanza kuzunguka. Kwa hiyo transfoma ya valvu moja hupangwa mabati yake ya herufi E yote upande mmoja, ya herufi I yote upande wa pili, na baina yao hutiwa karatasi ngumu nyembamba ili wasigusane. Kwenye mpangilio wa valvu mbili zinazopokezana, ule tunaouita pushi-pulu, hali ni nyingine. Mikondo ya valvu hizo hupita kwenye nusu mbili za koili kwa kupingana, usumaku wao unafutana, na mwanya hauhitajiki. Mabati yake hupishanishwa, E hapa, I pale, kama mtu anayesuka ukili. Kwa nje transfoma hizi mbili unaweza kuziona pacha. Kwa kazi, moja haiwezi kukaa mahali pa mwenzake.

Kwa kuyajua hayo, kabla sijatuma hata senti niliuliza kwa maandishi. Je, ni ya valvu moja, yenye mwanya? Je, ni omu 5,200 kwa 8? Na ile ya pawa, je, ni ya volti 230, hezi 50? Nilijibiwa: "Ndiyo mzee, zote tatu," na picha ya dole gumba. Ujumbe huo ninao, na nakala yake nimeiambatisha.

Niliunganisha, nikapima, nikarudia kupima, nikawasha. Sauti za waimbaji zilitoka safi, fidla safi, kodiani safi. Besi haikuwepo. Si kwamba ilikuwa ndogo; ilikuwa kama mtu anayepiga gitaa amevaa glavu, akiwa chumba cha pili. Nikaishuku sindano ya santuri. Nikazishuku kapasita, nikazibadilisha mbili bila sababu. Mwishowe nikaweka oskiloskopu, mashine inayoonyesha wimbi kwa picha, na kuingiza mawimbi ya kupimia. Kwenye hezi 1,000 nilipata wati nne bila wimbi kuharibika. Kwenye hezi 60, ambako besi ndiko iliko, hata nusu wati haikufika, wimbi lilikuwa limeshavunjika mabega. Anayefahamu transfoma akiona picha hiyo hahitaji kuambiwa kuwa chuma kimeshiba sumaku.

Nikachukua transfoma ndogo ya kengele ya mlangoni, nikaingiza volti 6 kwenye upande wa spika na kupima upande wa valvu. Kwa uwiano wa 25.5 mita ilipaswa kusoma 153. Ilisoma 190. Hiyo ni karibu mara thelathini na mbili, na ukiirudisha kwenye hesabu unapata omu 8,000. Sasa omu 8,000 ndio mzigo unaojulikana wa EL84 mbili za pushi-pulu. Hapo nikaanza kuelewa nimeletewa nini.

Tarehe 4 Machi nikamwomba kijana wenu ruhusa ya kufungua moja. Akajibu, "Fungua tu mzee, hamna shida." Nalitaja hili mapema ili lisije likageuzwa kuwa kosa langu. Nilikwenda kwa jirani yangu anayesuka mota, tukaifungua pamoja mezani kwake. Mabati yamepishanishwa kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hakuna mwanya wala karatasi. Na chini ya utepe wa njano, pale waya za koili zinapotokea, tulikuta waya wa tatu, waya wa katikati unaotumika kwenye pushi-pulu, umekatwa kwa koleo karibu kabisa na koili na kufunikwa kwa utepe mwingine. Jirani yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuangalia kisha akaniuliza kama nimelipia au nimepewa.

Ndugu Meneja, naomba msome taratibu hapa. Mtu fulani, kiwandani, ghalani au dukani, alichukua transfoma ya pushi-pulu, akakata waya wa katikati, akauficha na kubandika lebo ya "valvu moja, omu 5,200". Kama shida ingekuwa namba tu, ningetafuta spika za omu 4 au 6, mzigo ukasogea karibu na ninaoutaka, nikanyamaza. Mwanya haurekebishiki kwa spika. Na waya ule uliofichwa si mkia usio na kazi. Amplifaya ikiwaka, unabeba volti 250 za mkondo mnyoofu na zaidi, na kilichoutenga na fremu ya chuma ni utepe unaobanduka kwa kucha. Fremu hiyo nimeifunga kwenye chasi. Chasi nimeiunganisha na waya wa ardhi, lakini si kila anayeunda hufanya hivyo, na sebuleni kwangu wanapita wajukuu.

Nilipomtumia kijana picha, alijibu kwamba nifurahi, kwa kuwa niliomba transfoma ya wati 10 nikaletewa ya wati 15 kwa bei ile ile. Sina hasira naye. Naona ndivyo alivyofundishwa: transfoma ni wati, kubwa ni bora. Kwenye spika ya matangazo huenda. Kwenye amplifaya ya valvu wati ni swali la nne au la tano. La kwanza ni valvu gani na zimepangwaje, kisha mzigo wake, kisha mkondo mnyoofu utakaopita, kisha uwezo wa koili, unaopimwa kwa henri, ukiwa na mkondo huo ndani yake. Kwa EL84 yangu nahitaji kama henri 18 ili nishuke hadi hezi 40 bila kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Nilipouliza henri, niliulizwa henri ndiyo nini.

Transfoma ya pawa nitaieleza kwa kifupi. Ilikuwa ikipata moto usiovumilika mkononi ndani ya dakika arobaini. Nikang'oa valvu zote, nikaiacha bila mzigo wowote, ikapata moto vile vile. Nikaiwasha kupitia balbu ya wati 60 ya nyuzi, kama mafundi tunavyofanya. Kwa transfoma nzima isiyo na mzigo balbu hiyo hubaki giza, au inaonyesha wekundu kidogo sana. Hii iliwaka. Kisha joto lenyewe likanifanyia kazi. Gundi ya lebo yenu ililegea, ikajikunja pembeni, na chini yake kukatokea maandishi ya kiwandani: volti 220, hezi 60.

Umeme wa namna hiyo upo Korea Kusini, na huko transfoma hii ingefanya kazi vizuri tu. Kwetu ni volti 230, hezi 50. Hezi zikishuka kutoka 60 hadi 50, na volti zikapanda kutoka 220 hadi 230, chuma kinabebeshwa usumaku wa ziada wa robo nzima, na hapo ni umeme ukiwa umetulia. Kwangu usiku mita husoma 240. Volti za kupashia valvu, ambazo zinatakiwa ziwe 6.3, zilifika 6.8 valvu zikiwa zimewaka. Valvu haifi siku hiyo hiyo kwa kiasi hicho, lakini maisha yake yanapungua, na EL84 za zamani haziokotwi. Kuhusu mvumo wake, mke wangu aliuliza ni lini nilinunua friji la pili.

Lebo mbili kwenye bidhaa moja, ya juu ikisema jambo ambalo ya chini inalikana, haziwezi kuitwa kupitiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa mambo kama haya. Sijaenda huko. Nimeona niwaandikie nyinyi kwanza.

Ninachoomba ni hiki. Mzichukue transfoma zote tatu kwa gharama yenu, pamoja na hiyo niliyoifungua kwa ruhusa yenu, na mnirudishie shilingi 545,000, nauli ya basi ikiwemo. Kama mnazo za kweli, nipo tayari kubadilishiwa badala ya kurudishiwa fedha, ila kabla hazijapakiwa nitumiwe kwa maandishi uwiano uliopimwa, mkondo mnyoofu unaoruhusiwa na henri zake kwenye mkondo huo, na kwa ile ya pawa nitumiwe picha ya maandishi ya kiwanda yakiwa hayana lebo juu yake. Kapasita mbili nilizozibadilisha bure siwadai.

Ombi langu jingine halihusu fedha yangu. Kijana alinieleza kuwa mzigo huo mliuingiza kwa wingi na umeshauzwa mwingi, wengine wakiwa mafundi wa gitaa na wa vyombo vya kanisani. Wapo basi watu wenye waya ule uliokatwa ndani ya masanduku yao ya chuma bila wao kujua. Stakabadhi mnazo na namba zao za simu mnazo. Wapigieni wote, na mwanzie kwa wale mliowauzia kwa lebo ya "valvu moja".

Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Amplifaya iko mezani, nimechomoa plagi na kuifunika kitambaa.

Wenu,
Mteja, Tanga.

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, nakala ya ujumbe wa simu kabla ya malipo, na ule wa ruhusa ya kufungua, picha ya mabati na waya uliokatwa, picha ya lebo mbili, picha mbili za oskiloskopu, hezi 1,000 na hezi 60.