Sare za walinzi zije na filimbi na tochi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waajiri wa walinzi hapa Tabora mjini, hasa wale wanaotia saini mikataba ya ulinzi wa maduka, shule na maghala. Vijana wetu mnawavisha vizuri. Shati limenyooshwa, kofia ina nembo, buti nyeusi kwa waliobahatika. Lakini mtazame kijana huyo kuanzia kifuani hadi kiunoni: hana kitu cha kufanyia kazi. Mkanda umeshika suruali tu.

Nilikuwa gadi wa treni, yaani msimamizi wake safarini, katika Reli ya Kati, zaidi upande wa Kigoma: Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka ziwani. Sare yetu ilikuwa ya kawaida, na jua liliipausha mapema. Kazi ilikuwa kwenye vile tulivyovaa na kushika pamoja nayo. Filimbi ilikaa mfuko wa shati, kamba yake imefungwa kwenye kifungo, ili mkono uipate gizani bila kupapasa. Bendera mbili, nyekundu na ya kijani, zilizungushwa kwenye vijiti vyake na kubanwa kwapani. Usiku tulishika taa ya mkono yenye vioo vya kugeuza: nyekundu, kijani, nyeupe. Saa nayo lazima, maana treni haiondoki kwa kukisia. Tulikuwa pia na fataki. Treni ikikwama porini, unarudi nyuma kwa miguu, unazifunga juu ya reli. Gurudumu la treni inayokuja likizikanyaga zinalipuka, na dereva anajua mbele kuna hatari.

Na vikikosekana vyote, tulifundishwa la kufanya. Mchana unainua mikono yote miwili juu: simama. Usiku, taa yoyote ikipungwa kwa nguvu, hata nyeupe, dereva anafunga breki.

Wengine nao wana vya kwao. Muuguzi hubandika saa kifuani, juu chini, ili akiinamisha macho aisome sawasawa huku vidole viko kwenye mshipa wa mgonjwa. Na kwa kuwa haiko mkononi, ananawa mpaka viwiko bila kuvua kitu. Kile kizibao cha mafundi wa barabara, mistari yake ya kijivu mara nyingi ina chembe ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga wa gari kule ulikotoka. (Wanaovivaa wavifue, jamani. Vikishajaa vumbi letu la kiangazi havimulikiki.)

Mlinzi je? Juzijuzi wezi walivamia duka moja mtaani kwetu Ng'ambo. Mlinzi wa hapo, kijana wa heshima ambaye hanipiti jioni bila shikamoo, aliwasikia wakikata kufuli kwa msumeno. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Jirani kulikuwa na jenereta inanguruma, hakuna aliyetoka. Mwanga aliokuwa nao ni wa simu yake mwenyewe, nayo chaji ilikuwa inaishia. Wakampiga nondo mkononi. Asubuhi nilimkuta amefungwa bendeji, shati limechanika begani. "Mzee wangu, ningekuwa hata na filimbi," aliniambia. Nikamuuliza tajiri wake amempa nini. Sare na rungu, basi, na bei ya sare inakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara.

Hili la kukatwa limenikera kuliko yote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga bila kumtoza mfanyakazi. Kwa mtu anayekesha peke yake nje, mwezi wa sita baridi ya Tabora ikiwa imekaza, filimbi, tochi, buti na koti zito ni vifaa kinga, na sioni wa kubisha. Filimbi yenyewe haifiki bei ya kilo ya nyama.

Naomba mikataba ivitaje vitu hivi kimoja kimoja, na anayelipia ulinzi aone mlinzi amevivaa kabla hajalipa. Tochi iwe ya kuchaji na iwe na mahali pa kuchajiwa hapo lindoni. Filimbi ining'inie shingoni au kifuani, isifungiwe kwenye droo ya ofisi. Kisha wenyeviti wa mitaa wakubaliane na wananchi ishara moja ya hatari, tuseme milio mitatu mirefu ya filimbi, ili ikisikika kila nyumba ijue ni wito wa msaada.

Wastaafu wa reli tupo wengi hapa mjini na ishara hizi tunazijua vizuri. Mwenyekiti wa mtaa wowote akituita tutakwenda kuwafundisha walinzi, hatutaki malipo. Jumapili alasiri ingefaa, kabla hawajaingia zamu.

Gadi mstaafu,
Ng'ambo, Tabora